Nani Kamficha Mtoto?

Kila Januari shule zinapofunguliwa tunasikia onyo lilelile. Kiongozi wa wilaya au mtendaji wa kata anasimama mbele ya wananchi na kuwaambia wazazi waache kuwaficha ndani watoto wenye ulemavu, wawapeleke shule, na atakayekaidi atachukuliwa hatua. Onyo hilo hutolewa kwa nia njema, na wanaolisikia huitikia kwa vichwa. Sasa linaelekea kupata nguvu mpya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 1, 2025, inataka elimu ya lazima iwe ya miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari ya chini, na mwaka 2027 umetajwa kuwa mwanzo wa mabadiliko hayo. Nimewasikia watu wenye busara zao, walimu wakiwemo, wakisema hapo ndipo tatizo la watoto waliofichwa litakapokwisha, maana mzazi hatakuwa na pa kukwepea. Naamini wanakosea, na kosa limeanzia kwenye kuisoma hali yenyewe. Watoto wengi wenye usonji (hali inayoathiri mawasiliano na tabia), mtindio wa ubongo (unaoathiri viungo na mwendo) au ulemavu wa akili ambao hatuwaoni shuleni hawakufichwa na mtu. Wamebaki nyumbani kwa sababu familia zao zimeachiwa kazi ambayo hakuna familia inayoiweza peke yake. Sheria ya kulazimisha, isipotanguliwa na msaada kwa familia hizo, itamwadhibu mama yuleyule ambaye kwa miaka yote amekuwa akimbeba mtoto mgongoni.

Tulitazame neno lenyewe. Kilichofichwa ni kile ambacho hakuna aliyekiona, ilhali mtoto huyu ameonekana mara nyingi sana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya watoto 8 kati ya 10 Tanzania huzaliwa kwenye vituo vya kutolea huduma za afya. Kwa hiyo siku mtoto alipochelewa kulia, au alipozaliwa njiti, au alipoingiwa na manjano kali katika wiki yake ya kwanza, kwa wengi alikuwepo mhudumu wa afya aliyeona na kuandika. Kisha mama alirudi naye kliniki akiwa na wiki 6, akarudi akiwa na wiki 10, wiki 14, miezi 9, na miezi 18 kwa chanjo ya pili ya surua. Katikati ya hapo alipanga foleni ya kupima uzito, kadi mkononi. Ni mama huyohuyo ambaye leo tunamwambia anaficha. Baada ya miezi 18 hakuna tena chanjo inayomwita, na mtoto asiyekaa wala kutembea anazidi kuwa mzito kubebwa. Hapo ndipo anapotoweka machoni petu. Kati ya umri huo na miaka 6 ya kuanza darasa la kwanza, dola humsahau, halafu humkumbuka akiwa tayari ameandikwa mtoro.

Na katika miezi hiyo 18, mama alisema. Ukizungumza na kina mama wa watoto wenye mtindio wa ubongo, karibu kila mmoja anakumbuka siku aliyomwambia mhudumu kwamba shingo ya mtoto haijakaza, au kwamba anakakamaa akiogeshwa, au hanyonyi vizuri. Wale wenye watoto wa usonji wanakumbuka mtoto aliyekuwa ameshaanza kusema "mama" na "maji", akanyamaza. Jibu wanalolikumbuka ni "atakua tu, watoto hawafanani". Simlaumu muuguzi. Ana foleni ya kina mama 60, ana mzani na friji ya chanjo, na mara nyingi hana mahali pa kumwelekeza mtu. Wataalamu wa mazoezi tiba na wa tiba kwa vitendo wamekuwa wakifunzwa KCMC Moshi kwa miaka mingi, lakini huduma zao zimebaki zaidi kwenye miji mikubwa, katika hospitali kama Muhimbili, CCBRT, Bugando na KCMC yenyewe. Na mazoezi si sindano, kwamba ukichoma mara moja umemaliza. Ni wiki hadi wiki, mwaka hadi mwaka. Mama wa kijijini akipewa rufaa ya kwenda mjini anapewa karatasi, na nauli anajua mwenyewe. Atakwenda mara ya kwanza kwa kuuza kuku, mara ya pili kwa mkopo, na mara ya tatu atabaki nyumbani. Kwenye daftari la hospitali ataandikwa kuwa ameacha huduma.

Mtaani kwetu yuko mama mmoja anayekaanga vitumbua. Mwanawe wa miaka 9 ana usonji, haongei, na akiona mlango wazi hutoka mbio hadi barabara ya lami bila kujali magari. Mama huamka saa 10 alfajiri, hupeleka biashara yake kituoni na kurudi saa 3 asubuhi. Kwa saa hizo mlango hufungwa kwa komeo la nje. Huyo ndiye mtoto anayesemwa amefichwa, na mimi mwenyewe, kabla sijajua, nilimsema hivyo. Nilipomuuliza alinionyesha sare. Mtoto aliandikishwa shule, akakaa wiki 3, kisha mama akaambiwa amrudishe atakapokuwa ameacha kujisaidia kwenye nguo, au aje kukaa naye darasani kutwa nzima. Angekaa naye, vitumbua angekaanga nani?

Siandiki haya ili kukana kwamba kuficha kupo. Kupo, na waliokuona hawatakubali kuambiwa ni hadithi. Zipo nyumba ambamo mtoto huingizwa chumba cha uani mgeni akipiga hodi. Zipo koo ambazo bado zinaamini mtoto kama huyu ni laana, au mizimu haikutambikiwa, au mama alivunja mwiko akiwa mjamzito. Degedege bado inapelekwa kwa mganga kabla ya zahanati, ilhali malaria kali iliyoingia kwenye ubongo na homa ya uti wa mgongo ni miongoni mwa visababishi vya ulemavu huu ambavyo vingeweza kuzuilika kwa kuwahi tiba. Wapo kina baba wengi waliosema "kwetu hakuna watu wa hivi", wakafunga mizigo. Na wapo watoto waliofungwa kamba. Mtoto akiteswa, Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo na itumike. Lakini tusichanganye mateso na kukwama, wala tusidhani aibu ilizaliwa ndani ya nyumba ile. Mama anayemwacha mtoto ndani siku ya harusi amejifunza kufanya hivyo baada ya kutazamwa kwenye daladala, baada ya abiria kuhama kiti, baada ya mwanawe kuitwa zezeta na watu wazima. Aibu tunaipeleka sisi nyumbani kwake, kisha tunamshitaki kwa kuwa nayo.

Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia wa Norway, Benedicte Ingstad, alikwenda Botswana wakati ambapo karibu kila mradi wa utengamao, yaani wa kuwarudishia watu wenye ulemavu uwezo wa kujihudumia, ulianza na dhana kwamba familia za Kiafrika huwaficha walemavu wao. Alikaa na familia hizo, akaandika kwamba dhana hiyo haikulingana na alichokiona. Alikuta watu wanaolea kwa uwezo walionao, na palipokuwa na upungufu wa malezi, mara nyingi chanzo kilikuwa ufukara, mlezi mmoja mwenye mzigo mkubwa, na huduma zisizofika. Alionya pia kwamba dhana ya kufichwa ina manufaa kwa wanaoieneza, kwa kuwa huihamisha lawama kutoka kwenye huduma zisizokuwepo na kuipeleka kwa mzazi. Imepita miongo kadhaa, nasi bado tunairudia kwenye maikrofoni.

Kinachonisikitisha ni kwamba tumeshakubali kimaandishi kufanya kinyume chake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 23 ya mkataba huo inataja kufichwa, kutelekezwa, kupuuzwa na kutengwa kwa watoto hawa, na inasema ili kuyazuia hayo nchi zitatoa mapema taarifa, huduma na msaada kwa watoto na kwa familia zao. Msaada umetajwa kuwa ndiyo dawa ya kuficha. Sisi tunaanza na tishio, na msaada tunauweka kwenye hotuba ya mwaka ujao. Jirani zetu wa Kenya walikwishaijaribu njia ya tishio. Sheria yao ya 2003 ilimkataza mzazi kumficha mtu mwenye ulemavu na kumwekea adhabu, na hadi walipopata sheria mpya mwaka 2025 kilio cha watoto waliofichwa kilikuwa hakijanyamaza.

Haki itendeke: Tanzania imepiga hatua, na moja ni kubwa kuliko ilivyoeleweka. Mabadiliko ya sheria za kazi ya mwanzoni mwa 2025 yanampa mama aliyejifungua njiti likizo inayojumuisha muda uliobaki kufikia wiki 40 za ujauzito, ndipo likizo yake ya kawaida ya siku 84 ihesabiwe. Wengi waliichukua kama habari ya uzazi tu. Mimi naiona kama mara ya kwanza sheria yetu kukiri kwamba mtoto aliyeanza maisha na hatari zaidi anahitaji muda zaidi wa mzazi, na kwamba muda huo una gharama ambayo haifai kubebwa na mama peke yake. Njiti wako kwenye hatari kubwa ya mtindio wa ubongo na matatizo ya kuona na kusikia. Je, kanuni hiyo inaishia wiki ya 40? Mtoto akigundulika na mtindio akiwa na mwaka mmoja, mama mwajiriwa anarudi kwenye siku 4 za likizo ya malipo ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa kwa ugonjwa au kifo cha mtoto. Mazoezi ya kila wiki hayaingii kwenye siku 4. Na huyo ni mwajiriwa. Wa vitumbua, wa shambani, wa kufua nguo za watu, sheria ya kazi haijui hata kama yupo.

Upo mjadala mwingine ambao kina mama wenyewe wamegawanyika, nao ni mabweni. Wanaoyatetea wana hoja nzito. Shule yenye kitengo chenye walimu waliosomea elimu maalumu katika chuo cha Patandi inaweza kuwa kilomita 80 kutoka kijijini, na daladala haimchukui mtoto wa kiti mwendo. Bweni humpa mtoto darasa na mama akapumua akapata kazi. Kwa mtoto kiziwi mwenye akili timamu, bweni linaweza kuwa ndipo anapokutana kwa mara ya kwanza na watu wa lugha yake. Sina ujasiri wa kumwambia mama aliyechoka kwamba bweni ni kosa. Hata hivyo tuliyoyaona Buhangija, Shinyanga, yatufunze. Kituo kile kilipokea watoto wenye ualbino waliokimbizwa kutoka vijijini wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, na ilikuwa lazima kuwaokoa. Lakini hifadhi ya dharura ikageuka kuwa makazi ya miaka, wengine wakapotezana kabisa na ndugu zao. Mtoto mwenye usonji asiyeongea akipelekwa mbali akiwa na miaka 7, hawezi kueleza aliyotendewa bwenini, na akirudi akiwa na 17 anarudi kwa watu wasiojua anapenda nini, anaogopa nini, anaumwa wapi. Bweni liwepo kwa wanaolihitaji. Lisiwe ndilo jibu letu pekee kwa sababu ni rahisi kulikatia utepe.

Hoja inayostahili kujibiwa kwa heshima ni ya fedha. Nchi yenye uhaba wa madawati na walimu itatoa wapi fedha za kuzisaidia familia? Ni kweli bajeti ni ndogo, lakini wanaouliza hivyo wanahesabu kana kwamba hali ya sasa haina gharama. Gharama ipo na inalipwa kila siku, ila analipa mtu mmoja. Mama ameacha kazi. Dada wa mtoto ameacha shule akiwa darasa la 6 ili abaki na mdogo wake, na huyo dada hatumhesabu kabisa kwenye takwimu za ulemavu. Shamba halikulimwa. Mtoto mwenyewe viungo vimekakamaa kwa kukosa mazoezi, sasa anahitaji upasuaji ambao mkufunzi mmoja wa mazoezi kata nzima angeuepusha. TASAF husaidia kaya maskini, na hilo ni jema, lakini kipimo chake ni umaskini. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye mtoto wa mtindio hahesabiwi maskini leo. Atahesabiwa baada ya miaka 5 ya nauli, nepi, dawa za kifafa na mikopo ya riba.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, nayo husemwa kwa sauti ya chini na watu wenye mamlaka, ni kwamba ukizipa familia hizi fedha, wazazi wataufanya ulemavu wa mtoto kuwa mtaji, hawatataka apate nafuu. Anayesema hivi hajawahi kumlisha mtoto mwenye mtindio. Mlo mmoja ni saa nzima, kijiko kwa kijiko, huku ukiomba asipaliwe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna mzazi atakayekataa mwanawe atembee ili alinde posho. Afrika Kusini, chini ya sheria yake ya misaada ya jamii ya 2004, hutoa posho ya kila mwezi kwa mlezi mwenye kipato kidogo anayelea nyumbani mtoto mwenye ulemavu mkubwa. Kenya hutoa Sh. 2,000 za kwao kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji uangalizi wa muda wote. Ni fedha kidogo, na Wakenya wana haki ya kuzilalamikia, lakini angalau serikali yao imekiri kwamba kulea hivi ni kazi. Ndugu ya hoja hii ni ile isemayo kwamba sisi Waafrika tuna ukoo, ukoo utasaidia. Ukoo wa leo uko Mwanza, Dar na Mbeya, kila mtu kwenye chumba cha kupanga. Shangazi hutuma elfu 10 siku ya msiba.

Msaada ninaouzungumzia hauhitaji wizara mpya. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kufunza na kuajiri wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa awamu ya miaka 5. Hao ndio watakaopita nyumba kwa nyumba. Wakifundishwa dalili chache za ucheleweshaji wa makuzi, na wakapewa fomu ya rufaa pamoja na nauli ya rufaa hiyo, pengo la kati ya miezi 18 na miaka 6 litaanza kuzibika. Programu ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, ilihimiza vituo vya kulea watoto mchana. Katika kipindi kitakachofuata iandikwe kwamba kila kituo kinachopata msaada wa umma kitampokea mtoto mwenye ulemavu, na kitapewa mtu wa ziada kwa ajili yake. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya stadi kwa walezi wa watoto waliochelewa kimakuzi, yanayoweza kuendeshwa na watu wasio mabingwa, na yamejaribiwa Kenya na Ethiopia. Mama hufundishwa jinsi ya kumkalisha mtoto, kumlisha bila kumpalia, kuisoma tabia yake kabla haijawa fujo. Na kitu ambacho kina mama husema kimewasaidia kuliko kingine ni kukutana wenyewe kwa wenyewe, kumi au kumi na watano, chini ya mwembe wa zahanati, na kugundua kwamba hawakulogwa. Ningependa kuona halmashauri zikivitambua vikundi hivyo bila kubishana kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao, inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, maana anayelea mtoto asiyeweza kujihudumia ni mtu wa fungu la ulemavu kwa kila hali.

Shuleni nako, neno jumuishi lisibaki ukutani. Mwalimu mmoja mwenye wanafunzi 90 hawezi kumbadilisha nguo mtoto mmoja bila kuwaacha 89. Panapohitajika msaidizi wa darasa, aajiriwe, hata kwa mkataba wa kata, na mama aliyekwisha kujifunza kumhudumia mwanawe awe wa kwanza kufikiriwa kwa kazi hiyo, kwa malipo. Kina baba waitwe kliniki kwa majina, siku ya majibu, ili habari ya ulemavu isipelekwe nyumbani na mama peke yake kama vile ni kosa alilolitenda njiani.

Itakapofika hiyo Januari ya elimu ya lazima, mtendaji atapita mtaani kwetu na daftari lake. Atafika kwenye mlango ule wenye komeo la nje. Akiwa amepewa fomu ya kesi tu, ataandika jina la mama. Akiwa amepewa namba ya mtaalamu wa wilaya, orodha ya vituo vinavyopokea watoto, na uwezo wa kulipia bajaji ya kwenda na kurudi shule, atasubiri hadi saa 3, mama arudi na beseni lake, wakae barazani waandike pamoja mtoto anahitaji nini ili atoke.